Chuma Kidogo, Nguvu ya Kutosha: Funzo la Mitambo ya Upepo Inayoelea

Hotuba kwa kikao cha wananchi kuhusu kawi, Garissa



Chupa tupu ya plastiki ikitupwa kwenye Mto Tana hulala ubavu. Ikitiwa mchanga kidogo na kufungwa kifuniko, huelea wima. Wazo hilo ndilo linalosimamisha mitambo ya upepo kwenye bahari yenye kina kirefu, ambako nguzo haziwezi kufika chini.

Hywind Scotland, shamba la kwanza la aina hiyo, lilianza kazi mwaka 2017 katika pwani ya Uskoti. Lina mitambo 5, kila mmoja wa megawati 6. Kila mnara umesimamishwa juu ya silinda ndefu ya chuma yenye uzito chini, ikashikwa na nanga 3. Kazi ya mhandisi ni kupata kipimo. Silinda ikiwa nyepesi mno, mnara huyumba na chuma huchoka. Ikiwa nzito mno, bei ya umeme hupanda, na anayelipa ni mwananchi.

Baadaye, kule Hywind Tampen nchini Norwe, wahandisi walitumia zege badala ya chuma, na mitambo jirani ikashiriki nanga. Mitambo 11 ilitosheka na nanga 19 badala ya 33.

Garissa haina bahari, lakini hesabu ni ile ile. Karibu na Ziwa Turkana, katika Kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya kilowati 850 kila mmoja, jumla megawati 310. Minara yake ni ya mita 44. Upepo wa huko ni mkali na vipande vilisafirishwa kwa lori kutoka Mombasa, hivyo mitambo midogo ilifaa. Hata hivyo, mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini umeme ulisubiri laini ya kwenda Suswa hadi 2018.

Kituo cha sola cha Garissa, cha megawati 50, kilizinduliwa Desemba 2019. Paneli zake pia hukaa juu ya fremu. Fremu hafifu hung'olewa na upepo. Nzito kupita kiasi huongeza gharama bure.

Mwaka 2024 mafuriko ya Tana yalikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi. Mradi uliochorwa kwa ajili ya ukame peke yake hautadumu hapa. Kwa hiyo, mradi wowote wa kawi unapoletwa barazani, wananchi wana haki ya kuuliza: Umepimwa kwa upepo na mafuriko ya wapi? Vipuri vitafikaje barabara ikikatika? Laini ya umeme itakamilika lini, na itafika kwa nani?

Maswali hayo huulizwa kabla ya msingi kuchimbwa. Baada ya hapo, kurekebisha ni gharama.