KOROSHO ZETU ZABANGULIWA NG'AMBO

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanya kazi na wakulima, Kau, Tana River)



Tumeombwa tuseme juu ya viwanda na kazi, na wengine wenu mmeuliza: watu wa reli wana nini na Kau, mahali ambapo gari la moshi halijafika? Jibu ni fupi. Kwanza, baadhi yetu ni watoto wa huku huku, na wazee wetu wana mikorosho na miembe upande wa Kipini na Witu. Pili, sisi ndio tubebao mizigo ya nchi hii, na twaona kwa macho yetu. Makontena hutoka Mombasa kwenda bara yamejaa nguo, viatu na vyombo, na mengi hurudi Mombasa matupu. Hata injini na mabehewa ya reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 vililetwa kutoka China vimekwisha kuundwa.

Leo twataka kusema habari ya korosho tu, kwa kuwa kila mtu hapa aijua.

Korosho ghafi haina thamani kubwa mpaka ipite mikononi mwa watu. Hapana budi ichomwe au ipikwe kwa mvuke, ibanguliwe, ikaushwe, imenywe ngozi ya ndani, kisha ichaguliwe nzima mbali na zilizovunjika. Ganda lake lina mafuta makali yanayounguza ngozi, ndiyo maana mbanguaji hupaka majivu au mafuta vidoleni. Kilo nne au tano za korosho ghafi hutoa kilo moja tu ya korosho nyeupe. Na lile ganda tulitupalo, huko ng'ambo hukamuliwa mafuta yake yakatengenezwa rangi, na hata breki za magari. Sisi tunaoishi kwa breki, neno hili lilitushangaza kidogo.

Basi kazi zote hizo ni mishahara. Yeye auzaye korosho ghafi auza na kazi hizo pamoja nayo, bila kulipwa.

Katikati ya miaka ya 1970 kiwanda cha korosho kilijengwa Kilifi, na Serikali pamoja na chama cha ushirika cha wakulima walikuwa na hisa ndani yake. Ilipofika miaka ya 1990, wakopeshaji, ndio Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa, walishurutisha Serikali ifungue milango ya biashara na kuuza mashirika yake. Kiwanda cha Kilifi kikauzwa, na baada ya miaka michache kikafungwa. Mamia ya watu walikwenda nyumbani. Lakini mikorosho haikuacha kuzaa. Walikuja wanunuzi wakazichukua ghafi, zikapakiwa melini kwenda India. Kazi iliyofanywa na mama wa Kilifi ikafanywa na mama wa Kollam, huko Kerala. Wala hatumlaumu mama huyo, kwani mshahara wake nao ni mdogo.

Jirani zetu wa Msumbiji waliona makubwa zaidi. Mwaka 1995 Benki ya Dunia iliwashurutisha wapunguze kodi ya kusafirisha korosho ghafi, ikisema ya kwamba mkulima atapata bei njema. Viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanya kazi wakatolewa. Na wataalamu waliochunguza jambo hilo baadaye walikuta ya kwamba faida ya mkulima ilikuwa kama dola 5 tu kwa mwaka kwa kila nyumba. Zilizobaki zilishikwa na wafanya biashara walio katikati. Mwaka 1999 Bunge lao likapandisha kodi ile tena.

Sasa kwetu. Mwaka 2009 Serikali ilipiga marufuku kupeleka korosho na makadamia ghafi ng'ambo, na sheria ya mazao ya mwaka 2013 ikasema vivyo hivyo, isipokuwa kwa ruhusa ya Waziri. Mfanya kazi akisikia hivyo hufurahi. Lakini wazee wa hapa wametuuliza swali gumu, nasi hatutalikimbia. Sheria hiyo yamlinda nani? Ikiwa wanunuzi ni wachache, nao wajua ya kuwa huna pengine pa kuuza, watatoa bei waipendayo. Wengine wamekata mikorosho wakachoma makaa, na mti uliokatwa haumpi kazi mbanguaji wala mtu wa reli.

Jambo hili si la korosho peke yake. Wakulima wa makadamia walipolia ya kwamba bei imeanguka, Serikali iliwafungulia mlango mwezi wa Novemba 2023 kwa muda wa mwaka mmoja. Nani atajenga kiwanda na kuajiri watu mia mbili, ikiwa hajui mlango utakuwa wazi au umefungwa mwakani?

Na kiwanda peke yake hakitoshi. Tanzania walijenga viwanda kama 12 kwa mikopo katika miaka ya 1970 na 1980. Wakati ule ule mavuno yao yalianguka kutoka tani 145,000 mwaka 1973/74 hata kufika kama tani 16,500 mwaka 1986/87, kwa sababu ya bei duni, ugonjwa wa miti, na watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao. Mashine zikakaa kimya, na deni likabaki.

Twasema hivi. Mkulima na mbanguaji si maadui. Hapa Kau ni baba na binti yake. Chama kikidai kiwanda bila kudai bei ya mkulima, kitakuwa kinamwombea binti mshahara utokao mfukoni mwa baba. Kwa hiyo tukienda mbele ya wakubwa twataka mambo haya yaende pamoja: bei ya chini itangazwe kabla ya mavuno, wala si baada yake, kodi ya korosho ghafi, kama itawekwa mahali pa marufuku, irudi kwenye miche na madawa ya mikorosho, na mbanguaji alipwe kwa mkataba, apewe glovu, asiachwe na majivu.

Serikali ya kaunti yatuhusu pia, kwa kuwa tangu mwaka 2013 kilimo kimo mikononi mwake. Kabla ya kwenda huko twahitaji hesabu. Kila mwenye mikorosho hapa, na Ozi, na Kipini, amwambie mjumbe wetu ana miti mingapi inayozaa, aliuza kilo ngapi msimu uliopita, kwa bei gani, na kama alipewa stakabadhi. Daftari liko hapa mezani.