Profesa wa Matango

Shikeni penseli, maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Wengi wenu mnalima mboga. Huenda mmeona katika duka la mbegu pakiti iliyoandikwa Marketmore. Lisomeni neno hilo polepole. Ni jina la tango, na aliyelizalisha ni Profesa Henry Munger wa Chuo Kikuu cha Cornell, katika jimbo la New York, Marekani. Alizaliwa mwaka 1915, akafariki mwaka 2010.

Wakulima wa matango huko walisumbuliwa sana na batobato. Vidukari, wale wadudu wadogo wafyonzao majani, huubeba ugonjwa huo kutoka mmea hadi mmea. Majani hupata mabaka ya manjano, na matunda hutoka na vinundu, hayauziki. Yalikuwako matango ya Uchina na Ujapani yaliyoustahimili ugonjwa, lakini hayakuwa ya namna iliyopendwa sokoni Marekani. Je, wewe ungefanya nini?

Njia ni hii. Tango zuri huchavushwa kwa tango gumu. Mtoto ana nusu ya asili ya kila mzazi. Mtoto huyo huchavushwa tena kwa tango zuri, na mjukuu vivyo hivyo. Andikeni sehemu ya asili nzuri: 1/2, 3/4, 7/8, 15/16. Mfugaji atanielewa upesi, kwani ndivyo afanyavyo anayempandisha mtamba wake kwa dume bora, kizazi baada ya kizazi. Lakini angalieni: kila mara miche huambukizwa ugonjwa kwa makusudi, na ile inayougua hutupwa. Usipofanya hivyo, kinga nayo itapotea njiani.

Hiyo ni kazi ya miaka. Mwaka 1944 Profesa alitoa tikiti liitwalo Iroquois, lenye kustahimili mnyauko. Marketmore ilitoka mwaka 1968. Baadaye ikaja Marketmore 76, yenye kustahimili pia ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Alistaafu mwaka 1981, lakini shamba hakuliacha. Marketmore 97 ilitoka yeye akiwa na umri uliopita miaka themanini!

Kazi ya namna hii mtu mmoja haimalizi. Profesa alifundisha vijana wa shahada za juu, na baadhi yao wakawa wazalishaji wa mboga mahali pengine. Kwa maoni yangu, jambo gumu kumfundisha kijana ni kutupa mche wenye sura nzuri. Tena kila mstari shambani una kibao chenye namba. Kibao kikisomwa vibaya, kazi ya mwaka mzima imeharibika. Basi msione haya kujifunza namba ukubwani.

Marketmore si mbegu chotara, kwa hiyo waweza kujiwekea mbegu yako. Panda mbali na matango ya aina nyingine, maana nyuki huchanganya chavua. Acha tunda moja zuri likomae hadi liwe la manjano. Toa mbegu pamoja na ute wake, ziache katika chombo siku mbili, zioshe, kisha zianike kivulini. Zitie katika bahasha, na juu yake andika kwa mkono wako mwenyewe jina la mbegu na mwaka. Wiki ijayo mje na bahasha hizo darasani, tuzisome pamoja.