Kompyuta Ikikataa, Tusome Kwanza Inasema Nini



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari letu ni kanzidata: majina ya wanafunzi wanaolipiwa karo, michango na stakabadhi. Ikikwama, karo ya mtoto inachelewa na ripoti kwa mfadhili inapungukiwa ukweli.

Msingi wa kanzidata hizi uliwekwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM. Alipendekeza taarifa zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Jedwali la wanafunzi lina namba ya kila mtoto. Jedwali la malipo linataja namba hiyo bila kurudia habari zake zote. Ili uhusiano huo usivunjike, yanawekwa masharti. Hivyo mara nyingi kompyuta inapokataa, inalinda taarifa zetu.

Katika PostgreSQL, kanzidata inayotumika bila malipo ya leseni, kila hitilafu ina alama zake tano. Nitataja nne.

Kwanza, 23503. Malipo yanamtaja mwanafunzi asiyekuwepo, au mtu anataka kumfuta mwanafunzi mwenye malipo. Dawa ni kumwandikisha mwanafunzi kwanza. Msiliondoe sharti, kwani fedha zitaonekana zimelipwa kwa mtoto asiyejulikana.

Pili, 23505. Namba isiyotakiwa kurudiwa imerudiwa. Huenda stakabadhi imeingizwa mara mbili. Lakini kama taarifa zilihamishwa kutoka faili la zamani, pengine kihesabu kinachotoa namba mpya kimebaki nyuma. Kisogezwe kiipite namba kubwa iliyopo.

Tatu, 40P01. Kazi mbili zinasubiriana, kila moja imeshikilia kile ambacho nyingine inakihitaji. Kanzidata huikatisha moja ili nyingine iendelee. Iliyokatishwa irudiwe tangu mwanzo. Tatizo likijirudia, programu zirekebishwe ili zote zishike majedwali kwa mpangilio mmoja.

Nne, 53300. Miunganisho imezidi kiwango. Kabla ya kuongeza kiwango, jambo ambalo laweza kuilemea seva, itafutwe programu inayofungua miunganisho bila kuifunga.

Kwa hitilafu yoyote, andikeni ujumbe wote kama ulivyo, saa ulipotokea, na kazi iliyokuwa ikifanyika. Kusema tu "kompyuta imegoma" hakumsaidii fundi. Kabla ya kurekebisha, chukueni nakala ya akiba, na marekebisho yajaribiwe kwenye nakala hiyo kwanza.

Hata nakala yenyewe isiaminiwe bila kupimwa. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alikuwa akitatua tatizo la kanzidata, akafuta taarifa kwenye seva isiyo sahihi. Walipozitafuta nakala za kila siku, hazikuwepo. Programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na kanzidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliokolewa na nakala nyingine iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla ya tukio. Yaliyoandikwa baada ya hapo yalipotea. Kama kampuni ya wataalamu ilifikwa na hayo, sisi tunapaswa kuwa macho zaidi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kamati za sharika, kila robo mwaka mwulizeni fundi wenu: "Nakala hii umeirudisha lini kwenye kompyuta nyingine ikafunguka?" Mhesabu naye wanafunzi na jumla ya malipo, mlinganishe na stakabadhi za karatasi. Nanyi wafadhili, mnapopitisha bajeti ya mradi, gharama ya kutunza kumbukumbu na kumfundisha mtumishi isiwe ya kwanza kukatwa. Shilingi isiyo na kumbukumbu haiwezi kutolewa hesabu.