Kilichozikwa Chini ya Theluji

Somo: Yohana 12:20-26

Ninyi mlio jikoni mkitayarisha chai, ninyi mlio safarini, na ninyi mlio kitandani kwa ugonjwa, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo tungependa kuwaeleza habari za bustani ndogo ya mboga. Bustani hiyo ilikuwa mbali, katika mji wa Saskatoon, nchi ya Kanada, ambako sisi mume na mke tulikaa miaka mitatu kwa ajili ya masomo.

Nchi ile ni uwanda mpana wa majani na ngano, nao wenyeji huuita Prairie. Mtu akisimama nje ya mji haoni kilima. Huona ardhi na mbingu tu. Udongo wake ni mweusi na mzuri. Lakini mvua na theluji kwa pamoja ni kama milimita 350 tu kwa mwaka, na upepo hauna cha kuuzuia. Ndiyo sababu watu hupanda miti kwa mistari kando ya nyumba zao. Katika miaka ya 1930 ukame na upepo vilipeperusha udongo hata mchana ukawa giza, na jamaa nyingi zikahama. Tena wakati wa baridi kipimo huweza kushuka digrii 30 chini ya sifuri, na ardhi huwa ngumu kama jiwe.

Basi mtu wa huko hulima lini? Sehemu nyingi za kwetu tuna mvua ya masika na mvua ya vuli. Mkulima akikosa huku, hujaribu kule. Huko msimu ni mmoja. Siku zisizo na jalidi ni kama 100 hadi 120 tu. Jalidi ni ule umande unaoganda usiku na kuunguza majani. Ndugu zetu wa Kinangop wanaijua, maana huwaharibia viazi.

Lakini furaha yake ni kubwa! Mwezi wa Juni mwanga wa jua hukaa zaidi ya saa 16 kwa siku. Saa tatu ya usiku jua halijatua, nasi tulipalilia baada ya chakula cha jioni bila taa. Njegere, karoti, viazi na kabichi hukua upesi, kana kwamba zinajua kwamba siku ni chache.

Mwaka wetu wa kwanza tulikosea. Mapema mwezi wa Mei joto lilikuja, nasi tukaitoa nje miche ya nyanya tuliyoilea dirishani ndani ya mikebe tangu Machi. Jirani yetu, mama mmoja mzee aliye mjane, alituona. Akatuambia, "Wanangu, ngojeni mwisho wa mwezi." Tulimshukuru kwa mdomo, lakini moyoni tulicheka. Sisi tumezaliwa shambani. Nani atufundishe kulima? Usiku wa nne jalidi ikashuka. Asubuhi miche yote ilikuwa myeusi, imelegea kama mboga iliyochemshwa. Yule mama hakutucheka. Mwezi ulipokwisha alituletea miche sita ya kwake.

Ikafika Oktoba, na barua ya simu kutoka nyumbani. Mama yetu, aliyetufundisha kushika jembe, amefariki. Nauli hatukuwa nayo. Alizikwa sisi tusiwepo, wala hatukutupa hata konzi moja ya udongo. Wapendwa, hatutawaficha: siku zile hatukuweza kuomba. Tulipiga magoti, maneno yakakosekana.

Siku moja yule mjane akabisha mlangoni. Alikuwa na kikapu cha vitunguu saumu na kijembe kidogo. "Vaeni makoti," akasema, "twende tuvizike hivi." Tukatazamana. Majani yote yalikuwa yamekwisha kufa, na theluji ilikuwa karibu. Hata hivyo tulimfuata, maana tulikumbuka habari ya nyanya. Akavigawanya punje punje, akatia kila punje katika shimo lake, ncha ikiwa juu, akafukia na kutandaza majani makavu ya ngano.

Akatueleza kwamba kitunguu saumu kisichoonja baridi mara nyingi hakigawanyiki. Hubaki donge moja tu. Baridi ndiyo inayokiamsha kiwe na punje nyingi. Nayo theluji, ambayo sisi tuliiogopa, ni blanketi kwa kilicho chini yake, huikinga ardhi na ile baridi iliyo kali zaidi.

Miezi ikapita, yote meupe. Kila asubuhi tulitazama dirishani, tusione kitu. Mwezi wa Aprili theluji ilipoyeyuka, tukaona ncha za kijani zimetangulia kabla ya mboga nyingine yoyote. Tulisimama pale matopeni na viatu vya mpira, tukalia. Ndipo tulipoweza kumlilia mama yetu mbele za Mungu, na kumshukuru kwa ajili yake. Mwezi wa Agosti tulipong'oa, karibu kila punje ilikuwa imekuwa kitunguu kizima.

Sasa, wapendwa, tusidhani kwamba kitunguu ndicho kinachotuhakikishia ufufuo. Tumaini letu liko katika kaburi la Bwana Yesu lililokutwa wazi. Yeye aliponena habari za chembe ya ngano inayoanguka katika nchi, alikuwa akizungumza habari za kifo chake mwenyewe. Alitangulia kuingia udongoni, akatoka, na matunda yake ndiyo sisi tunaomwamini. Wala mama yetu hakurudishwa kwetu. Pengo lake lipo hata leo. Lakini bustani ile ilitufundisha tusipime kazi ya Mungu kwa kuchungulia dirishani mwezi wa Januari.

Pengine wewe unayetusikia umezika mtu. Pengine umemwombea mtoto aliyepotelea mjini, na miaka inapita bila barua. Unatazama, yote ni meupe. Ndugu, usichimbe kila siku kuangalia kama mbegu imeota. Mwachie Bwana, ungoje.

Tena tumkumbuke yule mjane. Yeye mwenyewe alikuwa amemzika mume wake. Hakutuletea hotuba. Alikuja na kijembe, akainama pamoja nasi. Je, wiki hii kuna nyumba yenye msiba karibu nawe, ambayo watu wameacha kuitembelea tangu mazishi yalipokwisha? Nenda. Chukua jembe, au sufuria ya chai, ukae nao.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe unayekijua kila kilichozikwa, wafariji wanaolia leo. Utufundishe kungoja wakati wako, na kuwaendea wenzetu kabla baridi haijawashinda. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.