Jengo la Kale na Nyongeza Mpya



Mtu akirithi nyumba kuukuu ya babu yake, kwa desturi hupewa mashauri mawili. Wazee humwambia, "Usiguse hata jiwe moja." Vijana humwambia, "Bomoa, ujenge ya kisasa." Leo nataka kuwaelezeni njia ya tatu, nayo ni kuiacha nyumba ya kale isimame, kisha kuiongezea sehemu mpya iliyo ya zama zetu. Njia hii ni njema, lakini ina masharti yake; na asiyeyafuata aweza kupoteza ya kale na mpya pamoja.

Sikilizeni kwanza khabari za mji wa Coventry, katika nchi ya Uingereza. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, wakati wa vita kuu ya pili, ndege za Wajerumani ziliutupia mji huo mabomu. Kanisa kuu, lililokuwa na umri wa miaka zaidi ya mia nne, likateketea. Paa likaanguka ndani. Zikabaki kuta za nje na mnara mrefu.

Vita vilipokwisha palikuwa na shauri gumu: magofu yaondolewe, au kanisa lijengwe tena kama lilivyokuwa? Yakafanywa mashindano ya wachoraji wa majengo, na mwaka 1951 akashinda Basil Spence. Yeye hakuzivunja kuta zilizoungua, wala hakuzijenga ili zionekane kana kwamba hazikupigwa. Aliziacha wazi chini ya mbingu ziwe ukumbusho, akajenga kanisa jipya ubavuni mwake, na kati ya mawili hayo akaweka ukumbi mrefu wenye paa. Umbo la kanisa jipya ni la zama zake, lakini mawe yake yana wekundu kama yale ya kale. Ukuta mmoja mzima, unaoelekea magofu, ni wa kioo, hata mtu aliye ndani akigeuka huyaona mbele ya macho yake. Kanisa hilo liliwekwa wakfu tarehe 25 Mei 1962.

Basi hapo twapata mafunzo mawili. La kwanza, jipya halikujifanya kuwa la kale; atazamaye hujua mara moja kazi ya babu ni ipi na ya mjukuu ni ipi. La pili, jipya halikulifunika la kale, bali lilijiweka kando kwa adabu.

Mtasema, "Hayo ni ya Ulaya, sisi watu wa pwani yatufaa nini?" Tazameni basi Unguja. Beit al Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, hapo mwanzo haikuwa na mnara ulioungwa nayo. Mwezi wa Agosti 1896 mizinga ya manowari za Kiingereza iliyaharibu majumba ya jirani na mnara uliokuwa karibu, na baada ya hapo ndipo mnara mpya ulipoungwa mbele ya Beit al Ajaib. Watu wakauzoea hata wakadhani kwamba umezaliwa pamoja na nyumba. Lakini tarehe 25 Desemba 2020, nyumba ikiwa katika kutengenezwa, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara ule, na watu wawili wakafa. Nyumba ya kale ikianguka, hasara yake si mawe tu.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuongeza na ajue kwanza nyumba yake imejengwa kwa nini. Nyumba nyingi za kale za pwani ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa sababu ya urefu wa boriti hizo, vyumba vyake ni vyembamba, upana wake kama mita 3 hivi. Kuta hizo zilipimwa kwa mzigo wake. Ukizitwika orofa mpya ya zege, umezitwika mzigo ambao fundi wa kwanza hakuufikiria.

Tena ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukiupaka saruji, unyevu hufungwa ndani, chumvi hula mawe, na plasta hubanduka kwa vipande. Penye chokaa rudisha chokaa. Sehemu mpya nayo, ikiwa ni nzito, isimame juu ya msingi na nguzo zake yenyewe, isiegemee ukuta wa mzee.

Mwisho, uliza kabla ya kujenga. Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Huko mwenye nyumba hana budi kupata ruhusa kwanza. Wengine huona jambo hili ni udhia. Lakini ukuta uliosimama miaka mia mbili waweza kuvunjwa kwa siku moja, na hakuna fundi awezaye kuurudisha umri wake.

Kwa herini.