SAYANSI ITOKE UBAONI IINGIE UANI

Yafuatayo ni maneno ya mwenezi wetu mmoja, kijana aliyesomea ualimu, aliyowaambia walimu na wazazi wa Kariakoo.



Nilipokuwa chuoni nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mjini hapa. Nilichora ubaoni maisha ya mbu: yai, kiluwiluwi, buu, kisha mbu mwenyewe. Watoto walinakili vizuri, na katika mtihani karibu darasa zima lilipata. Nikajiona mwalimu kweli.

Siku ile ile, wakati wa mapumziko, nilikwenda kunawa mikono penye pipa lililokuwa nyuma ya darasa langu. Viluwiluwi walikuwa wakicheza humo. Nikamwuliza mtoto aliyepata alama zote, "Hawa ni nini?" Akajibu, "Wadudu wa maji, Mwalimu." Ndugu zangu, niliona haya. Mtoto hakukosa. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba kiluwiluwi hukaa ubaoni.

Jambo hili si dogo. Homa ya dengue ilitupiga Dar es Salaam mwaka 2014, ikarudi mwaka 2019. Mbu wake si yule wa malaria tuliyemzoea. Huyu huuma mchana, na hutaga katika maji yaliyotulia karibu na watu: pipa, ndoo, kopo, kifuu, tairi bovu. Kwa joto letu, yai huwa mbu kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Mayai yake hushika ukutani mwa chombo, na huweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja maji. Basi mtoto aliyekariri tu "lala ndani ya chandarua" hana silaha ya mchana. Aliyeelewa mbu anavyozaliwa ataona mwenyewe kwamba kumwaga maji hakutoshi, lazima chombo kisuguliwe.

Juma lililofuata niliwatia viluwiluwi katika chupa, nikafunga mdomo kwa kitambaa chepesi. Siku ya nne watoto walikuta mbu ndani. Kelele zilizopigwa siku hiyo sitazisahau. Kesho yake akaja mama mmoja, amekasirika: mwanawe amemwaga pipa zima la maji! Mama yule alikuwa na haki, maana maji yale aliyanunua kwa ndoo. Tukashauriana pamoja naye na watoto: pipa lifunikwe kwa kitambaa, na maji yakiisha lisuguliwe kabla ya kujazwa tena. Siku hiyo nilijifunza kwamba sayansi isiyojua bei ya maji haitafuatwa na mtu.

Wazee watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Somo lao liliishia mikononi.

Wako watakaosema: mtoto afanye nini na mtaro uliozibwa na takataka za soko? Ni kweli, hawezi kuuzibua peke yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni, 2019, lakini chupa tupu bado twaziona mitaroni. Hata hivyo mtoto aweza kuhesabu, kuandika, na kuuliza.

Kwa hiyo nawaomba walimu: mara moja kwa juma toeni darasa nje, likague mapipa, makopo na mitaro, liandike lilichokiona. Wazazi, mtoto akiuliza juu ya pipa lenu, msimfukuze. Na ninyi viongozi wa mitaa, wapeni watoto hawa nafasi ya kusoma hesabu yao katika mkutano, kisha mwajibu. Tukiwanyamazisha, watajifunza kwamba sayansi ni ya mtihani tu, na dengue itatukuta tumelala mchana.