Homa Isiyo na Jina

Mwinjili Marko anamtaja mama mkwe wa Simoni, amelala kwa homa, wala haandiki ilikuwa homa gani. Aandika tu kwamba walimweleza Yesu habari zake mara. Hapa Pemba jina lilikuwa jepesi: malaria. Lakini tangu dawa mseto zilipoanza kutolewa mwaka 2003, kisha vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, malaria imepungua mno Zanzibar. Homa ndogo ya kila jioni, isiyokoma kwa majuma matatu, yafaa itafutiwe asili nyingine.

Tumwangalie basi mwenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi. Kila asubuhi humeza parasetamoli, nayo hutuliza maumivu na kushusha joto pamoja. Afikapo kupimwa, kipimajoto hakionyeshi kitu. Hurudi akidhaniwa mwongo au, twasema kwa huzuni, mhaba wa imani. Kumbe huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, maana ugonjwa huo haukai mapafuni tu.

Ninyi makatekista mnaozuru wagonjwa, mwandikieni katika daftari joto la asubuhi na la jioni, na saa aliyomeza vidonge. Aende nalo kwa daktari, Chake Chake au Mkoani, nanyi mfuatane naye.